Mnazi wa Mkwe Wangu Chini ya Waya za Stima

Mkwe wangu, yaani mamake mke wangu, alikuwa na mnazi mmoja ndani ya shamba la mtu mwingine huko Kakuyuni, na mnazi huo ndio uliokuwa njia yake ya kwenda kwenye kaburi la mtoto wake. Waya za stima zilipita ubavuni mwa kilele chake. Kazi yangu mimi ilikuwa kuukata. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanilaumu huko mbele kwamba nilimficha.

Mimi ni nyapara wa vibarua wanaosafisha njia ya stima. Kampuni ina mkandarasi wake, mkandarasi ana injinia wake, injinia ana mimi, na mimi nina wanaume wenye mapanga na mmoja mwenye msumeno wa injini. Amri hushuka kwa ngazi hiyo hiyo. Lawama nazo hushuka kwa ngazi hiyo hiyo, na kwangu hufika zimeiva.

Watu hudhani moto wa stima ni ule wa transfoma kulipuka, na watoto kukimbia wakipiga kelele. Hasha. Waya zetu za juu ni tupu, hazikuvishwa kitu. Kaskazi ikivuma na nyasi zimekauka, kuti moja linadondoka, linalala juu ya waya mbili, linapiga cheche, cheche zinaanguka chini. Nyasi haziulizi cheche zimetoka kwa nani. Na ukitazama huku kwetu, nyumba ngapi zimeezekwa kwa makuti, utaelewa kwa nini tunafyeka chini na kukata juu, tunang'oa nguzo zilizooza, na pale pabaya zaidi tunaziondoa waya tupu na kuweka zilizovishwa plastiki. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku kwetu hata huo ukuta utakuwa umeungua.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalipendi kabisa. Kwenye laini kuna kifaa ambacho stima ikizimika hujaribu kuirudisha chenyewe, na ikikataa hujaribu tena. Siku za kawaida ni kifaa cha heri. Siku za kiangazi na upepo mkali, kifaa hicho huambiwa kitulie, maana kila kinapojaribu, kinapiga cheche nyingine pale pale kuti lilipolala. Basi stima ikizimika siku hizo, hubaki imezimika mpaka mtu atembee kwa miguu chini ya laini aone kilichoangukia waya. Mtu huyo akiwa njiani, watu wote wanamtukana. Mtu huyo ni mimi. Mwenye friza ya samaki kule Watamu aliwahi kuniuliza kwa upole kama nina watoto. Nikamwambia ninao. Akasema atawaombea dua wasirithi akili zangu.

Sasa, mwembe ukiupunguza matawi hausemi kitu. Mwarobaini utadhani umeufanyia hisani. Lakini mnazi hauna tawi. Mnazi ni nguzo yenye kichwa, na ukikata kichwa umeua. Unaweza kumpandisha mkwezi akaondoa makuti makavu, naye akishuka, yale mabichi yanaanza kukauka. Kwa hiyo mnazi ulio chini ya laini, ama unabaki ama unaondoka, na amri ilikuja kwamba unaondoka.

Injinia wetu alikuwa kijana wa bara, mtu mwema, na Kiswahili chake alikipata shuleni, kwa alama nzuri nadhani. Chifu akaitisha baraza Kakuyuni, injinia akasimama, akasema:

"Ndugu wananchi, kuanzia Jumatatu hatutaki kuona mnazi chini ya laini. Mnazi chini ya laini unaleta moto."

Kina mama wakapiga vigelegele. Mimi nimehudhuria mabaraza mengi ya kukata miti ya watu, na sijawahi kusikia kigelegele hata kimoja. Nikajiambia, alhamdulillahi, leo tumepata watu waelewa.

Mzee mmoja akanyanyua mkono. "Na je, kando ya laini?"

"Kando, hatua kadhaa, haina neno," akasema injinia.

"Na siku za matanga?"

Injinia hakujua swali hilo limetokea wapi. Akafikiri, akajibu kwamba sheria haina likizo, hata siku za matanga. Wanaume wakanung'unika kwa huzuni. Baraza likafungwa kwa sala.

Jumatatu tulifika na msumeno wetu. Minazi yote ilikuwa imesimama pale pale, vichwa vimeegemea waya. Kilichoondoka ni mangwe, yaani pale mahali wanywaji wanapokaa. Viti vimehamishwa, mitungi imehamishwa, na chini ya laini pamefagiwa. Yule mzee wa baraza alikuwa amekaa hatua kadhaa kando, kama alivyoambiwa, bilauri mkononi. Akatupungia.

"Tumetii," akasema.

Ikabidi nikae chini. Sisi wa Malindi mjini kinywaji kile kinachogemwa mnazini twakiita tembo, kama walivyokiita wazee wetu, na ndiyo maana twasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mnazi kwetu ni mti. Lakini Kakuyuni mti ni mnazi, na maji yake ni mnazi pia, na mtu akikwambia hataki kuona mnazi mahali fulani, hakuna anayewaza mti. Tena tuliwaambia unaleta moto, nao wanamjua kila mlevi aliyewahi kutupa kipande cha sigara kwenye nyasi. Waliona ni hekima tupu. Injinia angesema "minazi", mambo yangekwisha siku ile ile. Ni herufi moja tu.

Nilipomweleza mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Yeye ni mtu wa Kakuyuni.

"Miaka yote hii umeoa kwetu na hujui mnazi ni nini?"

"Naujua. Siunywi."

"Ndiyo maana."

Tukaanza upya, shamba kwa shamba, na safari hii nilisema mimi. Nilisema mti. Nilisema mti wenye makuti. Palipobidi niliupiga kofi kabisa ili pasiwe na shaka. Watu walinuna, wakabishana, wakalipwa fidia yao, wakakubali. Ukabaki mnazi mmoja.

Huku pwani ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe. Mtu anaweza kuuza shamba na mnazi uliomo ukabaki wa mtu mwingine, wala hakuna anayeshangaa. Baba mkwe wangu alipofariki, ndugu zake waliuza shamba kwa mfanyabiashara mmoja wa Malindi. Wakamwambia, shamba ni lako, ila mnazi ule pale kati ni wa shemeji yetu. Akasema hapana neno, aje achume wakati wowote. Jambo ambalo hawakumwambia ni kwamba nyuma ya ule mnazi, penye mawe mawili, amelala mtoto wa shemeji yao, dada mkubwa wa mke wangu, aliyekufa kwa homa kabla mke wangu hajazaliwa. Walinyamaza kwa sababu wanunuzi huogopa makaburi. Bei huanguka, au huambiwa uchimbe uhamishe.

Yule bwana akazungushia shamba seng'enge, akaweka lango na mlinzi. Mkwe wangu akawa anakwenda na kikapu. Mlinzi anafungua, mama anatazama juu ya mnazi, anazunguka nyuma, anakaa kwenye mawe yake muda anaotaka, anarudi na nazi moja au bila nazi. Mnazi wenyewe ulikuwa umezeeka. Ukizaa nazi mbili, moja imetobolewa na panya. Mlinzi alijua tu kwamba kuna mama mmoja anapenda nazi kupita kiasi.

Basi ikanipasa niende kwa mkwe. Nami sikulelewa hivyo, lakini kwao mtu na mamamkwe wake hawakai mkeka mmoja, hawatazamani usoni, na neno zito halisemwi moja kwa moja. Husemwa kupitia mtu. Tulikaa uani, mimi huku, yeye kule, mke wangu katikati anachambua mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Baada ya hapo kila kitu kilipitia kwenye mchicha.

"Mwambie mama kuna jambo la ule mnazi," nikasema.

"Mwambie mumeo mnazi ule haujamla mtu."

"Mwambie mama waya ziko karibu sana na kilele. Kuti likianguka, patawaka."

"Mwambie mumeo mnazi ulikuwepo kabla ya waya. Waya ndizo zilizousogelea."

Ilikuwa kweli. Haikunifurahisha.

"Mwambie mama amweleze mwenye shamba habari ya kaburi, amwombe ruhusa. Ni mtu muungwana."

Mkwe wangu akasema polepole, bila kugeuka, "Mwambie mumeo mimi siombi ruhusa ya kwenda kumwona mwanangu. Ukishaomba, umekubali kunyimwa. Na akiambiwa, atasema ahamishwe. Hahamishwi."

Mke wangu alikuwa ameacha kuchambua. Mimi nilipandwa na hasira, wallahi, na mbele ya mkwe mtu hakasiriki. Nikatoka nje nikaikasirikia baiskeli yangu.

Injinia alisema sheria inaturuhusu kukata. Nikamwambia sheria inaturuhusu, lakini sheria hairudi kwangu jioni ikala na mke wangu. Alifikiri, akasema basi tuondoe makuti makavu kwa sasa. Stima ikazimwa, mkwezi akapanda, akausafisha mnazi ukabaki kama mtu aliyetoka kwa kinyozi. Nilijua hautakaa hivyo, na injinia pia alijua.

Kaskazi ikakaza. Mchana mmoja upepo ulivuma hata mabati ya duka la jirani yakaanza kuimba. Kile kifaa kilikuwa kimeshaambiwa kitulie. Stima ikazimika, ikabaki imezimika, nami nikaanza kutembea chini ya laini, nikitukanwa kila penye nyumba. Kabla sijafika kwenye lango la lile shamba niliona moshi, moyo ukanipasuka pa!

Halikuwa kuti kavu. Lilikuwa bichi, upepo umelivunja shingo likalala juu ya waya. Cheche zilipigwa mara moja tu, kwa sababu kifaa hakikujaribu tena. Kingejaribu, sijui ningekuwa nasimulia nini. Mlinzi alikuwa ameshaanza kuupiga moto kwa matawi mabichi, watu wakaja na mchanga kwenye ndoo, tukauzima. Nyasi zilikuwa zimeungua kuanzia shinani mwa mnazi kwenda nyuma, na moto ulikuwa umeyapita yale mawe mawili.

Mkwe wangu alikuja mbio. Lango limefungwa, mlinzi yuko kwenye moto. Akajipenyeza kwenye seng'enge, leso ikachanika, hakuigeukia. Wala mnazi hakuutazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye mawe, akapiga magoti penye jivu la moto, akaanza kuyafuta kwa ile leso iliyochanika, moja kisha la pili. Waliokuja kuzima moto wakaondoka mmoja mmoja. Mlinzi akaenda kutafuta maji. Tukabaki wawili.

"Mimi nilikuwa nasema unamlinda," akasema. Alikuwa akiuambia mnazi.

Mke wangu hakuwepo. Hapakuwa na mtu wa kumwambia aniambie. Mkwe wangu akatazama kando, akasema, "Aambiwe akate."

Nami nikatazama kando. "Amesikia," nikasema.

Tuliukata wiki ile ile, stima imezimwa, kwa kamba, kipande kwa kipande ili usiangukie waya. Vijana walitoa moyo wake, ule mweupe wa ndani, wakala na chumvi, wakasema mtamu. Mimi sikula. Nilihuzunika, na nasema wazi kwamba nilihuzunika, ingawa nilifanya kazi yangu vizuri na kisiki kilikatwa sawasawa na ardhi.

Mkwe wangu alikwenda tena na kikapu chake. Mlinzi, mtu mpole, alimwamkia vizuri, akamuuliza, "Mama, unafuata nini sasa? Mnazi si umekatwa?" Alikuwa akiuliza tu. Mama akasema kweli, umekatwa, akageuka akarudi zake. Nilizipata habari hizo kwa mke wangu. Akaniwekea wali wa nazi mbele yangu na hakunisemesha tena siku hiyo, na wali ulikuwa mzuri sana, jambo lililozidi kuniumiza.

Mvua zikaja. Nyasi za huku zikipata mvua huota kana kwamba zimetukanwa. Ukizifyeka leo, mwezi ujao zimekufika kiunoni, na kiangazi zitakuwa kuni. Kwa hiyo kila baada ya mvua tunaandika vibarua wa papo hapo wa kufyeka ule ukanda ulio chini ya laini, na ukanda huo hupita ndani ya mashamba ya watu wote, wakubwa kwa wadogo. Kampuni haimiliki hata kiganja cha udongo pale. Ina njia tu. Na mwenye njia hapigi hodi.

Nilikuwa nikiyawaza haya huku nanoa panga, nikasimama ghafla. Nikatoka mbio mpaka ukweni bila hata kubadilisha shati. Mke wangu alikuwa huko. Mkwe wangu alikuwa anasuka makuti.

"Shikamoo, mama. Mwambie mama kuna kibarua."

"Mwambie mumeo mimi ni mzee."

"Mwambie mama ni kufyeka nyasi njia ya stima."

"Mwambie mumeo anatafuta wa kumcheka."

"Mwambie mama njia ya stima haina lango."

Vidole vyake vikasimama kwenye kuti. Mke wangu alinitazama, akamtazama mamake, akasahau kabisa kwamba yeye ndiye wa kusema. Kuku wakapita.

"Mwambie mumeo," akasema mkwe wangu, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "aniletee fyekeo la mpini mrefu. Mgongo wangu si wa kuinama."

Siku ya kwanza alivaa lile koti la manjano la kung'aa, lenye mistari, juu ya leso zake mbili. Mlinzi alimwona anakuja na vibarua wengine, akafungua lango lote, na akatuamkia. Hakuuliza mtu anafuata nini.

Kwangu ilikuwa taabu ya pekee. Nyapara kazi yake ni kusimamia, na mtu hamsimamii mkwe. Wengine niliwakemea kama kawaida. Yeye alipobakisha nyasi mahali, nilisimama nimempa kisogo nikauambia mpera uliokuwa kando ya njia, kwa sauti, "Hapa pamebaki." Mpera haukunijibu. Nikigeuka, pamefyekwa. Vijana walinicheka mpaka wakachoka, na mimi niliwaacha.

Alifyeka misimu yote iliyofuata. Hakuchelewa hata siku moja, na akifika kwenye lile shamba alifyeka peke yake, hakuna aliyemsogelea. Penye mawe aliweka fyekeo chini na kung'oa kwa mkono.

Kisha injinia akaja kukagua. Alitembea nasi njia nzima, tepu ya kupimia mkononi, helmeti kichwani. Ukanda ulikuwa umenyooka vizuri, upana mmoja, mpaka tulipoingia shamba lile. Hapo ukanda ulikuwa umefanya tumbo. Ulitoka nje ya mpaka wake upande mmoja, ukazunguka, ukarudi ndani.

Injinia akavuta tepu. Akapima. Akapima tena.

"Hapa mmepita kipimo," akasema. "Nani alifyeka hapa?"

Nilifungua mdomo nikitafuta uongo mzuri. Mkwe wangu akaja, fyekeo begani, akasimama mbele yetu. Hakutafuta mtu wa kusemea. Alimtazama injinia machoni.

"Ni mimi. Hapo yupo mwanangu. Ana miaka minne."

Injinia akashtuka. Akageuka huku na huku, akatazama nyuma ya mpera, akatazama kwenye nyasi. Nimesema alikuwa mtu mwema, na usalama wa watu ulikuwa moyoni mwake kwelikweli.

"Mama, watoto hawaruhusiwi njia ya stima," akasema. "Ni hatari. Tafadhali, mwambie aende nyumbani."

"Yuko nyumbani," akasema mkwe wangu, akamwonyesha kwa fyekeo.

Injinia akayaona mawe. Akavua helmeti. Tepu ikamponyoka ikajikunja yenyewe kwa kishindo, na sote tukaruka, isipokuwa mkwe wangu, ambaye alikuwa ameshapiga magoti anang'oa nyasi.